Kaburi la Tisa

Baba yangu aligoma kula siku ambayo nilikuwa nimempikia vizuri kuliko siku zote. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akageukia ukutani. Nikadhani amechukia chumvi. Kesho yake akageukia ukutani, keshokutwa vilevile, na wiki ya tatu ilipoanza nikaacha kuisingizia chumvi.

Muuguzi anayepita nyumbani kila Jumanne na Ijumaa alikuja na mzani wake. Tukamsimamisha baba juu yake, huku tumemkingia mikono asianguke. Kilo thelathini na tisa. Huyu ni mtu aliyekuwa akibeba magogo ya kutegemezea paa la mgodi, mawili kwa mpigo, na akifika nyumbani anambeba na mama kwa kumchokoza.

Muuguzi ni mpole, lakini hazungushi maneno. "Dada, leo nitaandika kwamba anaendelea nyumbani. Ijumaa ya wiki ijayo nikikuta hajafika arobaini, siandiki tena hivyo. Nitaita gari aende akawekewe mpira puani."

"Mpira aliuchomoa mwaka jana," nikamwambia. "Alijichana mpaka shuka ikalowa damu. Wakamfunga mikono kitandani siku nne. Siku nne anawalilia wamfungulie mlango wa mgodi."

"Najua. Nimelisoma faili lake."

"Sasa wakimfunga tena, atatoka?"

Muuguzi aliuinua mzani, akautia kwenye begi lake, akaniambia nijaribu uji mwepesi. Nilitaka kumrushia sufuria. Uji mwepesi nilikuwa nimejaribu, na mzito, na supu, na maziwa, na kubembeleza, na kufoka, na siku moja, aibu yangu, nilijaribu kumbana pua ili afungue mdomo. Alinitazama tu mpaka nikamwachia.

Mimi ni fundi wa mashine za gemu. Meza yangu iko chumba cha mbele, karibu na dirisha, na kazi yangu kubwa ni kufufua pedi, vile vishikio vya kuchezea, zilizorushwa ukutani na watu wazima waliofungwa mabao na watoto wao. Jumatano ile, siku moja baada ya mzani, nilihamishia kazi chumbani kwa baba kwa sababu sikuthubutu kumwacha peke yake. Nikaweka runinga juu ya kabati la nguo zake, nikachomeka mashine ya mteja, nikawasha gemu lililokuwa ndani ili niijaribu pedi.

Lilikuwa gemu la Japani ya kale. Mwanamke mmoja mwenye panga anazunguka nchi nzima akiwatafuta watu waliomchomea nyumba, na kila akikata kona anakuta wengine wanaotaka kumchinja. Jina lake lilinishinda kutamka, nikambatiza Bi Panga. Siku hiyo nilimpeleka kwenye kilima kimoja cha ajabu, mduara umeungana na pembe, ukikitazama kutoka juu ni tundu la ufunguo kabisa. Kukizunguka zilipangwa sanamu za udongo: farasi, vijumba, askari wadogo wenye macho ya matundu. Maandishi yakaeleza kwamba kilima ni kofun, kaburi la mtawala aliyezikwa miaka elfu moja kabla Bi Panga hajazaliwa, na ndani yake kuna chumba cha mawe. Nikampeleka mlangoni, nikamwashia mwenge.

Nyuma yangu sauti ikasema, "Huyo anaingia bila kugonga paa?"

Nusura niangushe pedi. Kwa wiki tatu ile sauti ilikuwa imeniambia "toka" tu.

"Agonge nini, baba?"

"Paa! Agonge, asikilize. Likilia kama meza, aingie. Likilia kama ngoma, arudi kinyumenyume, asigeuke."

Nikabonyeza kitufe cha panga. Chuma kikagusa jiwe la juu, ting. Baba alikuwa ameupa ukuta mgongo, ameegemea kiwiko, macho hayabanduki kwenye runinga.

"Haya. Aingie. We mwenye taa, tangulia."

Mwenye taa ndiye mimi. Bakuli la uji lilikuwa kwenye kigoda, limeshapoa na kufanya ngozi juu. Nikachota kijiko, nikakisogeza mdomoni mwake huku mkono mwingine unamtembeza Bi Panga gizani. Akafungua mdomo. Hakujua hata kama amefungua. Alikula bakuli zima akitoa amri, na mimi nikawa nalia kimyakimya nisije nikamshtua.

Mwisho wa njia tulikuta chumba cha mawe. Katikati jeneza la jiwe, pembeni kioo cha shaba, shanga, na upanga ulioliwa na kutu.

"Wapo wangapi?" akauliza baba.

"Hakuna mtu, baba. Ni jeneza tu."

"Basi siyo shimo letu." Akageukia ukutani. Kijiko kilichofuata hakukitaka.

Usiniulize kama niliona vibaya kumdanganya mgonjwa. Nilifungua ramani ya gemu, nikahesabu. Makaburi ya namna ile yalikuwa tisa, moja tulikuwa tumeshalimaliza. Nikahesabu na siku za kufikia Ijumaa ya mzani: nane. Kaburi kwa siku, bakuli kwa kaburi, la mwisho likiangukia Alhamisi. Nilifurahi. Nikampigia mteja mwenye mashine nikamwambia imeharibika zaidi ya tulivyodhani.

Nilimjua baba anamtafuta nani. Miaka thelathini na moja nyuma alikuwa mnyapara wa shimo namba nne, na paa lilishuka mchana wa saa nane. Watu kumi na mmoja walitoka pamoja naye. Mmoja hakutoka: mjomba wangu, ndugu wa pekee wa mama, tuliyemwita Filimbi kwa sababu alipiga mluzi kila mahali, hata mgodini ambako kupiga mluzi ni mwiko. Nilikuwa na miaka saba. Ninachokumbuka juu yake ni mabega yake, maana nilikaa juu yake sana, na harufu ya sabuni ya mche. Maiti yake haikupatikana. Baba alirudi nyumbani siku ya tatu, akasimama mlangoni na vumbi lake, akamwambia mama, "Hakupata hata muda wa kusema ah." Mama aliyashika maneno hayo mpaka anaingia kaburini. Kila msiba wa mtu mwingine alikuwa akisema, kwetu sisi Mungu alitupunguzia, mwenzetu hakuteseka, hakupata hata muda wa kusema ah.

Basi kila mchana, saa nane, tulishuka. Kaburi la pili lilikuwa na maji mpaka kiunoni. Baba akataka kujua kama maji yanatembea au yamesimama, na niliposema yamesimama akakunja uso. La tatu lilikuwa na upenyo mwembamba mpaka Bi Panga akapita kwa ubavu. Baba alibana pumzi mpaka alipotokea upande wa pili, halafu akala vijiko vitatu mfululizo. Penye mapigano hakuwa na subira hata kidogo. Majambazi wakija na mikuki, mimi nahangaika na vitufe, yeye anafoka, "Mnagombana nini mlangoni pa kazi? Waambie wapishe!" Siku hiyo nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu alipougeukia ukuta.

Siku ya nne nikajitia ujanja. Nikasema nibane matumizi, nimrudishe kwenye kaburi la kwanza, la leo nilitunze. Mtu huyu kumbukumbu zilishamtoka, asubuhi yake alikuwa ameniuliza mimi ni mke wa nani. Lakini Bi Panga hakumaliza hatua kumi ndani.

"Hapa tulishapita," akasema baba. "Kushoto kuna jiwe limepasuka."

Nikageuza mwenge kushoto. Jiwe lilikuwa limepasuka.

"Unanichezea?" akauliza, na macho yake yalikuwa makavu na makali kama ya zamani. "Mtu yuko chini, we unanichezea?"

Ilinibidi niombe radhi kama mfanyakazi, niseme, samahani mzee, nimepotea njia, ndipo akakubali tuende shimo jingine. Sikurudia tena ule ujinga.

Ijumaa ya kwanza mzani ulisema thelathini na tisa vilevile. Jumanne ukasema thelathini na tisa na nusu. Kaka yangu, dereva wa lori, akapiga simu akiwa njiani, honi zinalia nyuma yake.

"Muuguzi kaniambia. Mpeleke mzee hospitali, acha kiburi."

"Anakula."

"Anakula au anakudanganya? We unacheza gemu na mgonjwa, halafu unaniambia anakula!"

"Njoo basi umlishe wewe."

"Mimi niko kazini."

"Na mimi niko kazini," nikamwambia, nikakata simu. Kisha nikakaa sakafuni jikoni nikiwa nimeshika kichwa. Nusu kilo. Nusu kilo kwa siku tatu zilizobaki, na makaburi matatu, na mwili uliokuwa unayeyuka kila ninapousogezea sabuni. Nilimwomba Mungu nusu kilo.

Mikono ya baba ilikuwa haitulii. Ilivuta nyuzi za blanketi, ilikwangua shuka, ilitafuta kitu siku nzima. Nikagundua kwamba nikimpa pedi aishike wakati namlisha, mikono inatulia na mdomo unafungua kirahisi. Basi nikawa namsimamisha Bi Panga mahali salama, namwekea baba pedi mikononi, namlisha vijiko vitano sita, naichukua, tunasonga mbele. Pedi yenyewe ilikuwa imekufa mtetemo, ile mota ndogo inayoifanya igune mkononi ukikatwa panga au ukikanyaga jiwe. Jumatano tulipomaliza kaburi la nane nikakaa mezani kwangu, nikachomoa mota kutoka pedi nyingine, nikaifunga kwenye hii. Nilitaka kesho, siku ya mwisho, baba asikie nyayo viganjani, anogewe, ale mabakuli mawili. Nilijiona fundi kweli.

Alhamisi niliongeza siagi na sukari kwenye uji. Nikamnyanyua baba, nikamwekea mito miwili mgongoni. Nje jua lilikuwa kali, pazia limefungwa nusu, na kupitia ukuta ulionekana mwanga wa jikoni kwenye lile tundu la waya ambalo sijawahi kuliziba. Kitanda cha baba kimeegemea ukuta huohuo wa jikoni.

"Leo wapi?" akauliza.

"Shimo la tisa, mzee."

"Wangapi tumebaki?"

"Wote tupo."

Kaburi la tisa lilikuwa katikati ya mashamba yaliyofurika maji, kubwa kuliko yote, limeota miti juu. Sanamu za udongo zilikuwa zimeanguka kifudifudi. Bi Panga akagonga paa, ting, baba akaitikia kwa kichwa. Tukashuka. Njia ikapinda mara mbili, ikateremka, halafu ikaishia kwenye ukuta mtupu. Hapana mlango, hapana upenyo. Nikajua kuna chumba nyuma yake na kwamba kuna namna ya kuubomoa, lakini sikuwa na haraka. Nilitaka kaburi hili lidumu. Nikamwacha Bi Panga amesimama mbele ya ukuta na mwenge wake, nikamwekea baba pedi viganjani, nikachukua bakuli.

Kijiko cha kwanza akameza. Cha pili akakipokea.

Pedi ikaguna. Mara tatu, fupifupi. Ikanyamaza. Mara tatu tena.

Hivyo ndivyo lile gemu linavyokuambia kwamba ukuta una uwazi nyuma yake. Mimi nilikuwa sijui, kwa sababu siku zote nane pedi ilikuwa imekufa. Na hata ningejua, ningedhani ni jambo dogo.

Baba aliacha kutafuna. Uji ukamtoka pembeni mwa mdomo, ukashuka kidevuni, hakuufuta.

"Kimya," akasema.

"Baba, meza kwanza."

"Kimya we! Husikii?" Akaisogeza pedi sikioni. Ikaguna tena, mara tatu. Uso wake ukawa kama umemwagiwa majivu. "Bado yupo. Mungu wangu. Bado yupo."

"Nani?"

"Filimbi."

Nikacheka kidogo, kicheko cha kumtuliza mgonjwa. "Mjomba hayupo, baba. Mjomba alikufa palepale. Hakupata hata muda wa..."

"Aligonga." Baba alikuwa ananitazama, lakini si mimi aliyekuwa anamwona. "Tatu. Ukigonga tatu maana yake niko hai. Anayesikia anatakiwa ajibu mbili. Mbili ni tumekusikia, tunakuja. Na ukishajibu mbili lazima uende, huwezi ukajibu mbili halafu ukarudi nyumbani. Hiyo ndiyo sheria ya shimo. Aligonga siku ya kwanza kutwa. Siku ya pili akagonga. Paa lilikuwa linalia kama ngoma, nina watu kumi na mmoja na wake zao wako juu wananisubiri. Ningejibu ningefanyaje?"

Nilikuwa nimeshika kijiko hewani.

"Wenzangu wakasema, mnyapara, kuna mtu anagonga. Nikawaambia ni maji. Maji yanadondoka mahali. Nikawapandisha wote juu."

"Na siku ya tatu?"

"Siku ya tatu sikwenda kusikiliza."

Pedi ikaguna sikioni mwake. Akajikunja kama aliyepigwa.

Niseme kweli yangu. Sikumwonea huruma. Nilimwona mama yangu amekaa kwenye misiba ya watu, amejifunga khanga, anawaambia wajane kwamba kwetu sisi Mungu alitupunguzia. Miaka ishirini na kitu anawaliwaza wenzake kwa uongo wa mume wake, na mume wake amekaa hapohapo pembeni anakunywa chai. Niliona na yale mabega. Siku mbili, gizani, anagonga. Kila akigonga ananyamaza kusikiliza.

"Umetufanyia nini?" nikamwuliza. "Baba! Umetufanyia nini?"

"We mwenye taa," akasema, "usijibu. Ukijibu itabidi twende."

Nililitua bakuli kwa nguvu mpaka uji ukaruka kwenye kigoda. Nikatoka. Nikaubamiza mlango, nikaingia jikoni, nikasimama mbele ya sinki nimeshika kingo zake kwa mikono miwili. Kichwani nilikuwa na sentensi moja tu: wamchukue. Kesho waje na gari lao, wamtie mpira wao, wamfunge mikono kwa kamba wanazotaka. Nilikuwa nimeomba nusu kilo kwa ajili ya mtu huyu.

Ndipo nikasikia ukuta.

Ngo, ngo, ngo. Alikuwa anagonga kwa pedi, upande wa kitanda, usawa wa kiuno changu. Mara tatu, halafu kimya.

Nikafungua bomba la maji. Nikalifungua mpaka mwisho, maji yakapiga sinki na kunirukia tumboni. Nikajiambia nina vyombo vya kuosha. Sinki lilikuwa na kikombe kimoja. Nikakiosha. Nikakiosha tena. Ngo, ngo, ngo, chini ya sauti ya maji, dhaifu kuliko mwanzo. Nikajiambia lile ni bomba, mabomba ya nyumba hii yana kelele, ni maji tu.

Ni maji tu. Nilisimama na kikombe mkononi nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Nikafunga bomba. Nyumba yote ikatulia. Nikasubiri agonge tena. Sijawahi kusubiri kitu namna ile, si majibu ya mtihani, si habari za mgonjwa wodini. Nilihesabu mpaka ishirini. Nikahesabu mpaka arobaini. Ukuta ulikuwa kimya. Nikawaza zile kilo thelathini na tisa na nusu, na mito miwili niliyomwekea mgongoni, na namna anavyoweza kuteleza akaangukia uso. Nikawaza na yule mwingine, siku ya tatu, aliposikiliza na asisikie kitu.

Nikachukua mwiko kwenye ndoano, nikaugonga ukuta. Mara mbili.

Hakujibu mtu.

Nikagonga tena mara mbili, kwa nguvu zote, chokaa ikadondoka kwenye sinki, nikakimbia.

Alikuwa ameteleza kutoka kwenye mito, amelala ubavu, shavu limegusa ukuta, pedi iko chini ya kiganja chake. Macho yalikuwa wazi. Kwenye runinga Bi Panga alikuwa amesimama palepale na mwenge wake. Nikapiga magoti kitandani, nikamwinua, nikamwegemeza kifuani kwangu. Alikuwa mwepesi mno. Moyo wake nilikuwa nausikia kwenye mkono wangu.

"Nani?" akanong'ona.

Nilitaka kusema ni mimi, mwanao. Badala yake nikasema, "Ni sisi. Tumekuja."

"Mmechelewa," akasema. Haikuwa sauti ya mnyapara. Ilikuwa ndogo, ya mtu aliyekauka koo.

"Tumechelewa," nikamwambia. "Tumechelewa sana. Tusamehe."

"Nina njaa."

Nikavuta bakuli kwa mkono mmoja, nisimwachie. Uji ulikuwa umepoa. Alikula wote, polepole, macho yamefumbwa, na kijiko cha mwisho alikishika mwenyewe. Nikamwuliza kama anataka mwingine, akasema ndiyo, nikapika mwingine huku mlango uko wazi na ninaongea naye kwa sauti ili asinyamaze. Akala na huo.

Ijumaa muuguzi alisimamisha mzani wake. Mshale ulitetemeka, ukakaa kwenye arobaini kamili. Akaniangalia, akaangalia chini ya nyayo za baba kama nimeweka kitu, halafu akaandika kwamba anaendelea nyumbani. Kaka nilimpigia nikampa namba hiyo. Mengine sijamwambia. Nitamwambia akirudi, uso kwa uso, na sijui nitaanzia wapi.

Mteja amekuja mara mbili kuulizia mashine yake. Namwambia bado. Ukuta wa kaburi la tisa sijaubomoa, na gemu sijalizima tangu siku ile.

Baba hageukii tena ukutani ila saa za kula. Anaugonga kwa vidole, mara tatu, anasubiri. Popote nilipo, mezani na bisibisi mdomoni, uani naanika nguo, naacha nilichoshika. Sijamsamehe, na mama hayupo wa kuniambia nifanye nini. Lakini nagonga mbili, na nikishagonga lazima niende.